Chuo Nilichokichagua kwa Woga

Mwezi uliopita watoto wa Kilonzo waliniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa kijitabu cha mazishi ya baba yao. Waliniona mimi ndiye wa kuombwa, kwa sababu nilikuwa rafiki yake tangu ujana, na kwa sababu nimekula mshahara wa maneno maisha yangu yote. Miaka thelathini na zaidi nimeandika hotuba ambazo wengine walizisoma, nimetangaza kwa kipaza sauti amri ambazo wengine walizitunga, na hata baada ya kustaafu hapa Voi bado watu huja kwangu wakitaka barua ya kuombea shule au risala ya harusi. Nilikaa na karatasi siku tatu. Niliandika kwamba alikuwa karani wa simu mwaminifu, nikafuta. Niliandika kwamba alipenda magazeti, nikaacha hapo hapo. Mwishowe nikamwambia binti yake mkubwa kwamba macho yananisumbua, nao wakamtafuta mwalimu mmoja wa Mbololo, akaandika vizuri tu. Macho yangu hayana ubaya wowote. Kilichonishinda ni kwamba kila nilipotaka kusema jambo juu ya Kilonzo nilifika kwenye mwaka ule mmoja wa ujana wetu, na katika mwaka ule kuna uongo niliomwambia, naye aliuamini mpaka siku ya kufa kwake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, na treni zikisimama Voi askari walipita behewa kwa behewa wakitazama nyuso na vibali. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu cha misheni kule milimani, juu ya Mwatate, na nilikichukia. Nilichukia ukungu ulioingia bwenini asubuhi na kulowesha blanketi, nilichukia uji uliopoa kabla sala haijaisha, na zaidi ya yote nilichukia kile kijiti cha kuonyeshea ubaoni, ambacho tulifundishwa namna ya kukishika kama vile elimu yote ya dunia inakaa kwenye kifundo cha mkono. Wenzangu walikuwa na furaha. Mwalimu alikuwa mtu mkubwa siku zile, na mama yangu, ambaye alikuwa mjane, alikuwa tayari ameshaniona nikipita sokoni Mwatate na kofia na baiskeli. Mimi nilitaka kitu kingine, na taabu yangu ilikuwa kwamba kitu chenyewe sikuwa na jina lake. Nilitaka kusomea jinsi serikali inavyosema na watu, na jinsi watu wanavyoweza kuijibu serikali wakasikika. Leo vijana wanaisomea digrii. Wakati ule ningemwambia mkuu wa chuo hivyo angenipeleka kwa daktari.

Kilonzo ndiye aliyenitia ugonjwa huo. Alikuwa Mkamba wa Kibwezi, karani wa simu katika stesheni ya Voi, amenizidi miaka minne au mitano, na alikaa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Kila nilipopata ruhusa ya Jumamosi niliteremka na lori la mkonge mpaka mjini, nikaingia kwake nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Chumba kilipakwa chokaa, kitanda kiliinuliwa juu ya madebe ya rangi, na ukuta mzima wa upande wa dirisha ulikuwa na magazeti yaliyopangwa kwa urefu wa mtu. Yalitoka kwenye mabehewa ya daraja la kwanza. Wazungu na Wahindi waliyasoma kutoka Mombasa, wakayaacha vitini, na mfagiaji aliyakusanya Voi akamletea Kilonzo, ambaye alimlipa kwa kumwandikia barua za nyumbani. Tulipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo mama yake alimtumia kwenye gunia, tukala na maharagwe, kisha Kilonzo alitoa penseli nyekundu. Hapo ndipo darasa langu la kweli lilipoanza.

Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali maneno yanapoficha mtu. "Sikiliza hii, mwalimu," aliniambia. Aliniita mwalimu kwa kunichokoza tu. "Wameandika, watu wamehamishwa. Haya, nani amehamisha wao? Hakuna. Watu wamejihamisha kama mawingu." Akapiga mstari mwekundu. "Hapa wanasema hatua zimechukuliwa. Hatua gani? Imechukuliwa na nani, ikapelekwa wapi?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alikuwa ameishia darasa la nane, hakuna chuo ambacho kingempokea, na alijua hivyo. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Alisema tu kwamba nitakwenda mimi, nami nikirudi nitamfundisha, na alisema hivyo kama mtu anayepanga safari ya wiki ijayo. Sasa nikikumbuka chumba kile, nasikia aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa matumaini. Sidhani nimewahi kuwa na furaha kama ile tena, wala sikustahili.

Kilonzo pia ndiye aliyeona tangazo la chuo cha India. Kilikuwa chuo cha mambo ya siasa na uandishi wa magazeti, kilikuwa kinatoa nafasi kwa vijana wa Afrika ya Mashariki, na mtu aliyemaliza mwaka wa kwanza katika chuo kingine aliweza kuhamia. Kilonzo alipiga maombi yangu kwa taipureta ya stesheni wakati bwana wake yuko kwenye chakula cha mchana. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: nafasi ipo, mradi nilete matokeo yangu ya mwaka na karatasi moja ya ridhaa, yenye sahihi au alama ya kidole ya mzee anayesimama mahali pa baba. Baba yangu alikuwa amefariki zamani. Aliyesimama mahali pake alikuwa kaka yake, baba mkubwa Mwangeka wa Mbololo, mtu mrefu asiye na haraka, ambaye utajiri wake wote ulikuwa ng'ombe aliowalisha kule chini kwenye nyika ya Ndara. Kilonzo alisoma barua ile mara mbili, akaenda nje, akarudi macho mekundu. "Kidole tu," alisema. "Mambo yote hii imebaki kidole moja."

Likizo ya Agosti, kabla sijaenda kuomba kidole hicho, mkuu wa chuo aliniita afisini kwake. Mkalimani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mtawala wa wilaya, alikuwa ameshikwa na malaria, kulikuwa na baraza kubwa Ndara kesho yake, na mkuu alikuwa amemwambia Bwana Shauri kwamba anaye kijana mwenye Kiingereza kizuri. Sikulala vizuri kwa fahari. Baraza lilikuwa karibu na josho la ng'ombe, wazee wamekaa chini kwa ukoo, chifu na askari wake pembeni, na baba mkubwa alikuwa mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Bwana Shauri alisimama akasema kwa Kiingereza kikavu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu dukani. Nyasi zimekwisha. Kila mwenye ng'ombe atapunguza. Watakaouzwa wataandikwa leo hii. Atakayekataa atashtakiwa. Akanigeukia, akaninyooshea kidevu.

Ningeweza kusema vilevile, nusu dakika, nikakaa chini. Wangenung'unika, wangekataa, pengine wangeshindwa, lakini wangejua wamepambana na nani. Badala yake nilianza kwa kuwasalimu wazee kwa majina ya nyumba zao, nikawauliza hali ya mifugo yao kama tunavyoulizana milimani. Kisha nikaingia kwenye habari ya mfereji. Kwetu maji ya mfereji ni ya zamu, na kila mtu anajua zamu yake. Nikasema, wazee wangu, anayefunga maji yake leo ili jirani anyweshe shamba hajanyang'anywa kitu, amengoja zamu yake tu. Nyasi nazo zinaomba zamu ya kupumzika. Niliona vichwa vikitikisika. Niliona mzee mmoja aliyekuja na hasira akiweka fimbo yake chini. Utamu wa kuona hivyo sijui niueleze vipi, ulipanda kichwani mwangu kama pombe, na nikaendelea. Nikasema: tupunguze sasa, na mvua ikinyesha, nyasi zikisimama, kila mtu atarudisha ng'ombe wengine kwa idadi ileile. Neno hilo hakuna aliyelisema. Halikuwa la Bwana Shauri, halikuwa katika karatasi yake. Lilikuja lenyewe, kwa sababu sentensi iliyotangulia ilikuwa inaliita, na mimi nikatia chumvi kama mpishi asiyeonja.

Baba mkubwa akasimama. "Huyu anayesema ni mwanangu," aliwaambia watu wote kwa furaha. "Ameyasema vizuri na mimi nimeyasikia. Karani, anza na mimi. Andika wangu." Baada ya yeye kusimama nani angebaki chini? Walijipanga. Bwana Shauri alitazama mstari ule kama mtu aliyeona mto unapanda mlima. Mabaraza mengine ya amri hiyo yalikuwa yamemalizika kwa mawe. Aliniuliza niliwaambia nini, nami nikajibu, "Yale uliyosema, bwana." Akacheka, akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akasema kwamba serikali ina shule yake ya mambo ya habari, ng'ambo ya Nairobi, inayofundisha Waafrika kazi hiyohiyo, nikitaka kuhamia huko mwaka unaofuata barua yake peke yake itatosha. Hakutaja kidole cha mtu.

Basi nikawa na vyuo viwili mkononi, mimi ambaye mwaka mmoja nyuma sikuwa na jina la kitu nilichokitaka. Nilimpelekea Kilonzo habari hiyo nikitazamia anipongeze. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mawe kwenye maharagwe. Ndipo akauliza, "Ile ya kurudisha ng'ombe. Mzungu alisema hiyo, ama ni wewe?" Nikamwambia ni namna tu ya kufungua mioyo ya watu. Akaweka sinia chini. "Nyambu," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, "wewe sasa unaandika ile maneno ambayo mimi napiga mstari." Hakupandisha sauti. Akaniambia nikienda shule ya serikali watanifundisha kufanya vizuri zaidi kile nilichokwisha kufanya vizuri, na nikienda India huenda nikajifunza kuacha. Alisema pia kwamba kabla ya yote niende Mbololo nikamwambie mzee ukweli, na nimwambie mapema, kabla ya mvua. Nilimwahidi. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi mwaka ule.

Mvua ya vuli ilinyesha vizuri kuliko miaka mingi. Nyika ya Ndara ikawa kijani, nyasi zikafika magotini, na mimi nilikuwa chuoni nikijifanya nina mitihani. Yaliyotokea nilisimuliwa na mama yangu. Baba mkubwa alivaa koti lake la kanisani akateremka mpaka josho kuuliza ni lini wataruhusiwa kuingiza ng'ombe wengine. Askari wa chifu walimcheka. Wakamuuliza nani alimpa ahadi hiyo, naye hakutaja jina. Akaenda kwa miguu mpaka Voi, kwa yule mkalimani mzee aliyekuwa amepona malaria, na mkalimani akamsomea karatasi ya amri neno kwa neno, tangu juu mpaka chini. Baba mkubwa alishukuru akarudi nyumbani. "Anasalimia vizuri," mama alisema, "anakula nikimpa. Lakini hakai. Akimaliza kula anasimama." Wenzake waliouza ng'ombe kwa kumfuata yeye waliacha kupita kwake jioni. Mtu ambaye nyumba yake haikosi wageni alianza kufunga mlango mapema.

Wiki moja baadaye, nikiwa nangoja nje ya afisi ya mkuu wa chuo nimpe jibu langu, nilimsikia dirishani akizungumza na mke wake kwa Kiingereza juu ya vyuo vyangu viwili. Alisema India itaniharibu, nitarudi na madai. Mke wake akauliza kama kijana mwenyewe ana maoni gani. "Hana," mkuu alijibu, bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Ana kipaji cha kusema anachotakiwa kusema. Ni kipaji adimu na kitamweka salama." Nilisimama pale na kofia mkononi. Ilinichoma, na nikaapa moyoni kwamba nitakwenda India, potelea mbali. Nikaomba siku chache zaidi, nikachukua ile karatasi ya ridhaa, nikapanda kwenda Mbololo, nikafikia kwa mama.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wale wasiotoka kwetu. Mdawida, yaani Mtaita wa milima yetu, akiwa na uchungu na mtu wake wa karibu, uchungu ule haukai moyoni bure. Unaweza kumfuata yule mtu njiani, ukamwangusha, ukamwuguza, hata kama mwenye uchungu hataki. Dawa yake ni kutasa. Mzee anachukua funda la pombe au la maji ya muwa, analitema kwa kulipuliza kama manyunyu, na pamoja nalo anatoa uchungu wake, huku akitaja baraka: njia iwe nyeupe, miguu isijikwae. Hakuna aliyekwenda mbali bila hiyo. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa na mchungaji alikataza mambo hayo, kwa hiyo alipatana na Mungu kwa njia yake mwenyewe: pombe isiwepo, yawe maji ya muwa tu, na tuanze kwa sala. Alikamua miwa mwenyewe asubuhi, akapika kimanga cha mihogo na maharagwe, akafagia jikoni mara mbili. Baba mkubwa alikuja saa nne. Alikula, akasifu chakula. Nilijua kwa nini mama ameyaandaa yote hayo, naye alijua kwamba ninajua.

Tulisali. Baba mkubwa akashika kibuyu, akasimama mlangoni akielekea nje, mimi nimepiga magoti mbele yake. Alitaja majina ya wazee waliokufa, akataja jina la baba yangu, akasema mtoto huyu anakwenda mbali. Kisha akanywa funda, mashavu yakajaa, akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, bila ukali, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga viatu. Jikoni moto ulikuwa unalia. Halafu nikaona koo lake likishuka. Alimeza. Mama yangu alishika mdomo. Baba mkubwa akapangusa ndevu kwa kiganja, akaweka kibuyu chini taratibu kisimwagike, akasema hakuna kitu, koo lake ni kavu leo.

Kila mtu mle ndani alijua la kufanya. Uchungu usiotajwa hautemeki. Aliyekosa anatakiwa aseme: baba, ni hili nililokukosea, ndipo mzee anachukua funda la pili, na la pili halimezwi. Mama aliniinamia. "Nyambu, baba," aliniuliza kwa upole kabisa, "huna neno la kumwambia baba yako?" Mimi ambaye nilisema mbele ya baraza zima bila kukwama hata mara moja! Neno lenyewe lilikuwa fupi: ile ahadi ilikuwa yangu. Nilifungua kinywa, nikajisikia nikisema, "Namshukuru sana kwa kuja." Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kuombwa, akauliza iko wapi karatasi ya chuo. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakiweka mahali nilipomwonyesha, akakibana sana ili alama itoke vizuri, akaenda zake Mbololo juu.

Kwa hiyo kidole nilikuwa nacho. Karatasi ilikuwa imekamilika, matokeo yangu yalikuwa mazuri, na chuo cha India kilikuwa kinaningoja. Nilikuwa na siku nne za kujibu. Nataka kusema kwamba nilipima mambo kwa akili, kwamba nililinganisha masomo ya huku na ya kule, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyowaambia watu. Si kweli. Niliogopa. Nilikuwa kijana wa misheni niliyefundishwa kwamba mambo yale ni giza la zamani, na kila nikifumba macho niliona koo lile likishuka, na uchungu wake juu yangu ukiwa umekaa tumboni mwake kama jiwe, na mimi katikati ya bahari. Nairobi ilikuwa ng'ambo ya Athi tu. Nikiugua, mama angenifikia. Nilichagua chuo kwa sababu hiyo. Ningeweza pia kurudi Mbololo, mwendo wa asubuhi moja, nikasema maneno yale manne. Hilo halikunipita, nililifikiria kila siku ya zile nne, na kila siku niliona kuna sababu ya kungoja kesho. Siku ya nne nilimwandikia Bwana Shauri kwamba nakubali kwa shukrani. Karatasi ya India niliitia jikoni kwa mpishi wa chuo, chini ya sufuria ya uji, na alama ya kidole iliungua pamoja nayo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Kilonzo. Alikuwa amenunua mkate na siagi, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na juu ya meza palikuwa na bahasha ya kwenda ng'ambo, ameshaiandika anwani kwa mkono wake mzuri wa karani. Akanyoosha mkono apokee karatasi. Nilimwambia mzee amekataa. Nilisema amekataa kabisa, kwamba anaogopa bahari, kwamba nimemsihi mpaka nimechoka. Nilisema vizuri, bila shaka. Niliweka hata kimya mahali panapofaa. Kilonzo alikaa kitandani. Hakuuliza swali hata moja, yeye aliyekuwa hapitwi na neno la uongo katika gazeti la Kiingereza. Ule mkate tuliula, maana ulikuwa umeshakatwa, na hatukusoma chochote siku hiyo.

Niliondoka Januari, kwa treni ya alasiri. Nilidhani mama peke yake ndiye atakayenisindikiza, lakini nilipofika stesheni nilimkuta baba mkubwa ameshafika, amesimama kwenye kivuli cha tangi la maji na koti lake, viatu vyekundu kwa udongo wa Mbololo. Alikuwa amekonda. Miezi minane baadaye nilipata barua darasani kwamba amekufa kwa homa, na mvua ilikuwa imeharibu barabara, wakazika bila mimi. Siku hiyo ya stesheni sikujua. Niliona tu kwamba amekuja, na kwa sekunde chache nilifikiri kwamba nitasema, kwamba nitamvuta pembeni nyuma ya tangi na nitasema. Hapo Kilonzo akatoka chumba cha simu, kofia ya reli kichwani, akaja moja kwa moja kwetu.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, utanisamehe. Mimi si mtu wa ukoo yenu. Lakini huyu ni kama ndugu yangu, na leo nitasema." Mama yangu alinitazama. "Huyu kijana alikuwa aende asome vile watu wetu wataongea na hawa watu. Wewe umemfungia mlango. Tuliomba wewe kidole tu. Kidole moja, mzee, na ukakataa!"

Abiria waliokuwa karibu waligeuka. Baba mkubwa aliangalia kidole gumba chake, kisha akaniangalia mimi, na nikaona anaelewa yote, tangu mwanzo mpaka mwisho: karatasi iko wapi, kwa nini napanda treni ya Nairobi, na jina la nani nimelitumia. Nilingoja aniumbue. Nadhani nilitamani aniumbue, ningekuwa mtu mwingine.

"Ni kweli," alimwambia Kilonzo. "Nilikataa. Mimi ni mzee, bahari naiogopa."

Kilonzo alitikisa kichwa, akarudi kwenye chumba chake cha simu bila kuniaga. Kengele ya stesheni ikagongwa. Baba mkubwa akamwita mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, akanunua kichana kidogo, akanipitishia dirishani akisema nile kabla hazijalainika, na treni ikaondoka nikiwa nimeshika ndizi zile, sijasema neno.